Filamu si ya stelingi

Kwenye mabanda ya video ya Masisi na Walikale kuna imani isiyopingwa: stelingi hafi, na filamu ni yake. Adui, chifu, baba mkwe, polisi wa barabarani, wote hao ni wa kujaza nafasi tu. Imani hiyo imetoka kwenye kioo ikawaingia vijana wetu wa vikundi vya maigizo. Kila mmoja anataka kuwa shujaa. Akipewa nafasi ya mzee anayeuza shamba moja mara mbili, ananuna, na jamaa zake wanaona ameshindwa. Huo ni uongo, na unatuharibia sanaa.

Chukua La Vie est belle, filamu ya Mwezé Ngangura na Benoît Lamy ya mwaka 1987. Kila mtu anaikumbuka kwa Papa Wemba, mwanamuziki aliye stelingi wake. Lakini mwondoe Kanku Kasongo, anayecheza tajiri Nvuandu, uone kinachobaki. Huyu tajiri, anayeoa mke wa pili kwa agizo la mganga kisha anakatazwa kumgusa kwa siku 30, ndiye anayeisukuma hadithi. Bila yeye tungekuwa na kijana mwenye sauti tamu asiye na wa kushindana naye.

Mfano mzito zaidi ni Dieudonné Kabongo, mzaliwa wa Katanga aliyeishi Ubelgiji akajulikana kwa kuchekesha watu jukwaani, hadi alipofariki mwaka 2011. Katika filamu Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, Eriq Ebouaney ndiye Lumumba. Kabongo alipewa nafasi ya Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga. Mchekeshaji, tena wa Katanga, avae sura ya mtu ambaye jina lake limefungamana na usiku wa 17 Januari 1961, Lumumba alipouawa! Kazi hiyo haiachiwi aliyeshindwa. Kifo cha Lumumba hakiwezi kumtikisa mtazamaji ikiwa waliomzunguka ni vinyago.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya maigizo shirikishi, ambayo mashirika kama Search for Common Ground yameyapeleka vijijini Kivu Kaskazini. Waigizaji husikiliza kwanza migogoro ya mahali, kisha huicheza, na katikati humwita mwanakijiji achukue nafasi ya mmoja wao na kujaribu njia nyingine. Tuseme mgogoro ni wa mkulima na mwenye malisho, kama ilivyo mara nyingi Masisi. Mzigo wote uko kwa anayemcheza mwenye malisho. Akimfanya shetani, mwenye ng'ombe aliyesimama nyuma ya umati atacheka na kwenda zake, maana huyo si yeye. Akimfanya mtu, mwenye hati mkononi na hofu ya kupoteza alichorithi, mwenye ng'ombe huyo atabaki asikilize. Na mwanakijiji akipanda jukwaani na hoja ambayo hakuna aliyeiandika, ni mwigizaji huyu atakayemjibu papo hapo. Shujaa anatosheka na hoja zake mwenyewe; huyu lazima azijue za pande zote.

Halafu kuna hatari. Masisi-centre iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-centre Machi mwaka huohuo. Kwa watu walioporwa jana kwenye bariyeri, kijana anayekubali kucheza mwenye bunduki anajiweka pabaya: wapo watakaomchukia kana kwamba ndiye. Niambieni nani hapo ana moyo mkubwa zaidi.

Najua jibu la wanaomtetea stelingi: watu hulipa kumwona yeye. Sawa, bango linauza. Lakini watoto wakitoka bandani wanaiga mwendo wa nani, kicheko cha nani? Cha adui.

Viongozi wa vikundi, kuanzia Sake hadi Mubi, nafasi ya mwenye malisho na ya mwenye bunduki mpeni aliye bora kuliko wote. Mlipeni sawa na shujaa. Na kabla mchezo haujaanza, mtambulisheni kwa jina lake mbele ya umati, ili akishuka jukwaani asidaiwe makosa ya mtu aliyemwigiza.