TUTAZAME JUU KWA SABABU INGINE



Niko na swali moja: ni lini mara ya mwisho ulitazama mbingu usiku? Wengi wetu tuliitazama tarehe 22 Mei 2021, wakati mbingu iligeuka nyekundu upande wa Nyiragongo na watu wakaanza kukimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi. Nilikuwa mtoto wa primeri, nimebeba kuku mkononi (kwa nini kuku, sijui mpaka leo). Tangu siku ile, kila nikitoka nje usiku, macho yanaenda kwanza kaskazini: kuko wekundu ao hapana? Kisha ninaingia haraka. Na vita ya Januari 2025 ilitufunza kufunga mlango mapema zaidi. Ndiyo maana sisi watoto wa Goma tunajua mbingu kama mtu anavyomjua adui.

Lakini nilisoma habari za John Dobson wa Marekani, na habari hizo hazikuniacha. Hakuwa profesa wa nyota. Alikuwa mtawa huko San Francisco, akatengeneza darubini kwa karatasi ngumu, mbao, na vioo alivyosugua kwa mikono yake. Alipotoka utawani, yeye na wenzake walianza mwaka 1968 kusimamisha darubini pembeni ya barabara na kuita wapita njia: njooni mwone Mwezi! Bila tiketi. Alikufa mwaka 2014, lakini watu wa namna yake wako katika nchi nyingi, wapenda nyota wasiolipwa kitu. Karibu na sisi, huko Kenya, Susan Murabana na mume wake Chu Owen walianza mwaka 2014 kuzungusha darubini kubwa kwenye mashule.

Rafiki mmoja wa bweni letu akanicheka: « Sisi hata umeme hatuna, wewe unaongea darubini! » Hapo ndipo anakosea. Umeme ukikatika ndipo nyota zinatoka. Watu wa miji mikubwa wanasafiri mbali kutafuta giza, na sisi giza tunaletewa nyumbani bure.

Tena mahali petu ni pazuri kabisa. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, hata digri 2 hazifiki, basi tunaona nyota za pande zote mbili za dunia. Mwanzo wa mwezi wa sita, saa moja na nusu ya jioni, ukigeukia ziwa utaona Msalaba wa Kusini umesimama wima. Ukigeuka nyuma, juu ya Nyiragongo ile ile, kuko nyota saba zenye umbo la sufuria yenye mkono mrefu. Mtu wa Ulaya haoni ule Msalaba kwao, na mtu wa kusini kabisa mwa Afrika haoni ile sufuria vizuri. Sisi tunageuza shingo tu. (Kilimia, ambayo Ayubu sura ya 38 inaitaja, itangoja mwezi wa kumi na mbili.)

Darubini kubwa hatuna, ni kweli. Lakini jumeli ya kawaida, ukiiegemeza juu ya ukuta ili isitetemeke, inaonyesha mashimo ya Mwezi, na siku Jupita ikiwa juu inaonyesha miezi yake, ile minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Najua mwalimu mmoja ambaye jumeli yake imelala ndani ya sanduku.

Sisemi watu watembee usiku, hapana. Wa internati tuko ndani ya uwanja tayari, na wa nje watazame nyumbani kwao, saa ile ile, kesho yake tuulizane tuliona nini.

Basi ninamwomba Prefe wetu dakika thelathini za etidi, jioni moja tu mbele ya mitihani ya mwezi wa sita, na taa ya mlangoni izimwe. Sentineli atakataa, ninamjua. Tumpe yeye jumeli wa kwanza.

Mwanafunzi wa Kemia-Biolojia