Kutoka Mlolongo hadi Salaita

Malori yapimwayo katika mizani ya Mlolongo hushuka barabara ya Mombasa usiku na mchana, na sisi tuishio kandokando yake tumeifuata njia hiyo mara nyingi kwenda pwani, pasipo kuzingatia kwamba mtu akifika Voi, akakata kulia kushika njia ya Bura, Maktau na Taveta, huwa ameingia katika uwanja wa vita unaostahili kuzuriwa kama wanavyozuru Wafaransa viwanja vyao.

Mgeni wa Normandy huanzia Bayeux, mji wa zama za kati uliohifadhi kitambaa cha mita zipatazo 70 kilichotariziwa habari za vita vya mwaka 1066, na baada ya mwendo mfupi hufika Colleville, palipo na makaburi ya Wamarekani zaidi ya 9,000. Miji ya kale nasi tunayo, maana magofu ya Gede na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, yote yamekwisha kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Uwanja wa Taita Taveta ndio ambao bado unahitaji wakili.

Salaita ni kilima kidogo, wala hakimtishi mtazamaji. Lakini tarehe 12 Februari 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, askari wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza, waliokuwa wageni wa vita vya nyika hii, walikishambulia wakapigwa na Wajerumani pamoja na askari wao weusi waliojichimbia mahandaki, na wakati wa kurudi nyuma wakastiriwa na Wabaluchi wa jeshi la India, ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata damu ilimwagika tena katika vilima vya Latema na Reata. Waliouawa wamezikwa Taveta kwa safu zilizonyooka, na huko Voi amelala Luteni Wilbert Dartnell, aliyekataa kuwaacha majeruhi wake karibu na Maktau mwezi wa Septemba 1915. Kila mmoja ana jiwe lake, na jina lake limechongwa humo.

Lakini wako wapi wapagazi wa majeshi hayo? Mwaka 1917 John Ainsworth, yule yule aliyekuwa mtawala Machakos katika miaka ya 1890, alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya watu kwa wingi, na vijana wa Ukambani wakachukuliwa pamoja na wenzao wa makabila mengine, wakatwikwa mizigo ya ratili 50 na zaidi, wakalishwa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva, na tumbo la kuhara damu likawaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba katika vita vile vyote wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 95,000. Sanamu ya shaba iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1928 humwonyesha mpagazi kwa sura, ila jina hana. Na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliungama kwamba watu kama hawa hawakukumbukwa sawasawa na wengine, ndipo ikashika kazi ya kuyatafuta majina yao.

Kazi hiyo haifai kuachiwa watu wa tume hiyo peke yao. Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi hao, wanazidi kupungua, na serikali za kaunti za Machakos na Taita Taveta zingefanya hisani kubwa kama zingetuma waandishi vijijini wakusanye majina hayo, kisha yakachongwa ukutani papo hapo Salaita. Wanafunzi wetu wapande treni Syokimau washukie Voi, waende wakamtafute babu wa babu zao katika ukuta ule.