Gasi Haijasahaulika, Ni Sisi Tulichelewa Kuijua

Leo nina deni na nataka kulilipa hapa hadharani.

Mwaka jana nilienda Gasi, kijiji kidogo cha pwani huko Kwale. Kama hujui ni wapi, unavuka feri ya Likoni, unapanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda pale wengi wetu hushuka kwenda Diani, na kabla ya kufika Msambweni unamwambia makanga akushushe Gasi. Kutoka barabarani ni bodaboda katikati ya minazi mpaka baharini. Nilikaa masaa matatu tu. Nikachukua video, nikaiweka mtandaoni na kuandika: "Kijiji kilichosahaulika. Hakuna mtu anakijua."

Hiyo video ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Nilidhani watu wataniuliza nauli ni ngapi, ama kama kuna pahali pa kulala. Wengi waliuliza, "Ploti ya ufuoni hapo ni pesa ngapi?" Mmoja akashauri wenzake wanunue haraka kabla watu hawajajua. Nikajiuliza, watu gani hao? Kwenye video yangu mwenyewe kulikuwa na wavuvi wanashusha samaki, watoto wanatoka madrasa na mama anauza viazi karai. Nilikuwa nimewaonyesha watu wote hao halafu nikaandika ati hakuna mtu.

Mwaka huu nikarudi, nikakaa siku nne. Nikaenda kwa kina mama wanaoendesha lile daraja la mbao linaloingia ndani ya mikoko. Nilimwamkia mmoja wao shikamoo, nikamweleza nilichoandika. Alicheka kwanza. Halafu akaniambia, "Mwanangu, hapa hapajasahaulika. Sisi twaishi hapa siku zote. Wewe ndiwe uliyekuwa hupajui."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike hii. Msimamo wangu sasa ni huu: sisi vijana wa kamera tuache kuita vijiji vya pwani "vilivyosahaulika." Neno hilo linaonekana tamu, lakini kwa mtu anayetafuta ardhi ni kama tangazo la bure kwamba mahali hapana mwenyewe.

Anza na ule utulivu wenyewe, kwa sababu ndio kila mtu anasifia. Ghuba ya Gasi imekingwa na rasi ya Chale na miamba ya matumbawe, kwa hivyo mawimbi makubwa hayafiki ndani. Maji yakipwa, unaona tope na mizizi ya mikoko imesimama kama miguu. Yakijaa, miti yote iko ndani ya maji na samaki wadogo wanajificha kwenye hiyo mizizi mpaka wakue. Ukisimama pale unaona ni kama msitu umekuwa hivyo tangu zamani bila mtu kuugusa.

Sivyo. Miaka ya 1970 sehemu kubwa za msitu huu zilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Pakabaki tope tupu. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, walianza kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Kupanda mkoko ni kuingia kwenye tope mpaka magoti, kungoja maji yapwe, na kurudia pale miche iliposombwa. Kuna maeneo ambayo mche ulikataa kabisa, yakajaribiwa tena na tena.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na watu wa Gasi na jirani zao wa Makongeni. Wanalinda hekta 117 za mikoko. Mikoko hufyonza kaboni na kuificha chini kwenye tope, na mradi huuza hiyo huduma, karibu tani 3,000 za kaboni dioksidi kila mwaka, kwa watu na kampuni za nje. Pesa zinaenda kwa mambo ambayo kijiji kimeamua chenyewe, kama maji na vifaa vya shule. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kwa upande wa mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wewe na mimi tulikuwa tunapita hapo na matatu tukielekea kupiga picha Diani.

Kwa hivyo huo utulivu una watu wanaoufanyia kazi kila siku.

Tukija kwa historia, hapo pia niliruka. Pale kijijini kuna jumba la kale ambalo nililitumia tu kama mandhari nzuri ya nyuma. Lilikuwa la Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Wamazrui walitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Seyyid Said alipowang'oa. Baadhi yao wakahamia Takaungu kaskazini, wengine wakaja Gasi. Mbaruk alisumbuana na masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, halafu mwaka 1895 Waingereza walipojiingiza katika mzozo wa nani arithi uongozi wa Takaungu, vita vikazuka pwani yote. Agosti mwaka huo jeshi la Waingereza lilishambulia ngome yake ya Mwele. Mwaka 1896 alivuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, Tanzania ya leo, na akafia huko.

Ni rahisi kumfanya shujaa. Alipigana na Mwingereza kabla wengi hawajathubutu, na mimi nataka hilo lifundishwe. Lakini tusidanganyane. Nguvu za matajiri wa pwani wa wakati ule, Wamazrui wakiwemo, zilijengwa juu ya migongo ya watumwa waliolima mashamba yao. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria hapa mwaka 1907 tu. Ukisimulia jumba bila kutaja waliolihudumia, umesimulia nusu. Na hiyo nusu nyingine ndiyo ina majina machache zaidi kwenye vitabu.

Sasa unganisha hayo na ile komenti ya ploti. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kusajili ardhi ya pwani. Aliyeweza kuthibitisha madai yake kwa njia ya Mzungu akapata karatasi. Wengi, hasa Wamijikenda na waliokuwa watumwa, hawakupata, na ardhi iliyobaki bila karatasi ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo sababu mpaka leo kuna familia nyingi za pwani zinazoishi juu ya makaburi ya babu zao bila hati miliki, zikiitwa maskwota. Mahali kama hapo, mtu akisema "hakuna mtu anakijua", anarudia kosa lililoandikwa kwenye sheria zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nililirudia mimi, na muziki wa kupendeza nyuma yake.

Najua kuna mtu atasema, kwani tusiende? Enda, tafadhali. Kina mama wa lile daraja wanataka wageni, na hela ya kiingilio inawasaidia. Mimi sisemi pwani ifungwe. Nasema lipa kiingilio, kula chakula chao, uliza kabla ya kumpiga mtu picha, na ukiandika, andika kwamba kuna watu. Ukijua jina la mradi wao, litaje. Ukipiga picha jumba la Mbaruk, sema ni la nani na lilijengeka kwa jasho la nani.

Ile video nimeitoa. Ilikuwa inaniletea watazamaji kila wiki, kwa hivyo usidhani haikuniuma. Nimeweka nyingine ambayo yule mama ndiye anaongea mwanzo mpaka mwisho, baada ya yeye kuiona na kukubali. Imepata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza. Hakuna hata mmoja ameuliza bei ya ploti.

Sasa wewe, kwenu ni wapi, na nani analinda pale? Niandikie. Nitasoma zote.