Mwizi wa Ruziba huanza na habari

Julai 2007, UNHCR ilipoanza kumpa kila mkimbizi aliyerudi Burundi kutoka Tanzania faranga 50,000, hesabu ya familia yoyote ilijulikana: watu saba, 350,000. Mwizi hakuhitaji kupeleleza. Leo wafanyabiashara wa mpakani wanampa habari ileile wanapoteremsha mzigo wa Kigoma mchana kweupe, halafu usiku wanategemea kufuli.

Nami nilitegemea nondo za dirishani. Nilipovunjiwa hapa Ruziba nilipiga kelele kwa Kiswahili cha kambini, hakuna aliyetoka. Asubuhi jirani aliniambia walidhani ni walevi wa barabarani. Miezi minane nilikuwa hapo, na sauti yangu hawakuijua!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumwita fundi wa nondo nenda kwa nyumbakumi na kwa majirani, mpatane mtaitana vipi usiku. Jifunze kuita kwa Kirundi. Fedha ya mauzo iingie kwenye simu kabla jua halijazama. Wakija na silaha, usitoke kupigania mali. Vita viliacha bunduki na maguruneti mikononi mwa raia, na muda wa kurudisha silaha uliotolewa mwaka 2009 haukuzimaliza.