Orodha ya vifaa itangulie advansi

Msimu wa mavuno unapokaribia katika vijiji vinavyozunguka Kisesa, wilayani Magu, karakana za kuchomelea vyuma hupata wateja wa kila aina. Yupo anayetaka mashine ya kupukuchua mahindi, yupo wa mkokoteni wa maksai, na yupo mfanyabiashara mdogo anayetaka fremu ya kibanda chake cha sokoni. Makubaliano huwa ya mdomo. Fundi anapiga hesabu nyuma ya daftari, anataja bei, mteja anatoa nusu ya fedha na kwenda zake.

Kasheshe huanza wiki ya pili. Simu inapigwa kwamba chuma hakikutosha, au beringi zilisahaulika kwenye hesabu. Mkulima aliyekwisha kuuza mpunga wake kwa bei ya kutupa ili apate advansi analazimika kuuza mwingine. Si lazima fundi awe mwizi. Mara nyingi naye hakujua kazi ile ingemeza vyuma vingapi, kwa kuwa hakuiorodhesha popote kipande kwa kipande.

Wananchi si wageni wa orodha za namna hiyo. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, kila darasa lilitengewa Sh20 milioni, na kamati nyingi za wananchi zikajifunza kuhesabu saruji, nondo na mabati. Ajabu ni kwamba mtu yule yule aliyesimamia mifuko ya saruji ya shule hadi wa mwisho, akienda kuagiza mashine yake mwenyewe haombi hata karatasi.

Kompyuta imeirahisisha kazi hii kuliko wengi wanavyodhani. Programu za uchoraji wa kihandisi zipo tangu zamani. AutoCAD iliingia sokoni mwaka 1982, nayo inauzwa ghali. Lakini ipo FreeCAD ambayo hutolewa bure, na toleo lake la 1.0 lililotoka Novemba 2024 lina sehemu ya kuunganisha vipande vilivyochorwa na kutoa orodha ya vifaa vyake. Fundi huchora kila kipande mara moja, anakipa jina, anaandika ni chuma gani na cha unene gani, kisha anavipanga vyote kama mashine itakavyosimama. Programu inahesabu: miguu minne, puli mbili, bolti kumi na sita. Mteja akitaka kubadili kipimo, mchoro unarekebishwa na orodha inatolewa upya, bila kuanza kuhesabu kwa vidole.

Unene ndio mahali mnunuzi anapopunjika bila kujua. Bamba la futi 8 kwa 4 lenye milimita 3 lina uzito wa takribani kilo 70. La milimita 2 halifiki kilo 50. Yakishapakwa rangi yote yanafanana, na tofauti itaonekana mashine ikianza kutikisika. Unene ukiwa umeandikwa kwenye orodha, mteja anaweza kufika karakana na kupima kabla rangi haijapakwa.

Beringi nayo iandikwe kwa namba yake. Beringi yenye namba 6205 huingia kwenye shafti ya milimita 25, na kipenyo chake cha nje ni milimita 52, iwe imetengenezwa na kiwanda gani. Mwenye namba hiyo anaweza kumwagiza kijana wa bodaboda Mwanza mjini akarudi na kitu sahihi. Asiyenayo hufungua mashine, husafiri na beringi mbovu mfukoni, na siku nzima ya kazi imepotea wakati majirani wamepanga foleni na magunia yao.

Hata hivyo, kompyuta huhesabu kilichochorwa tu. Vijiti vya kuchomelea, rangi, mawe ya kukatia na nauli ya kuleta vyuma haivijui, labda fundi aviongeze mwenyewe. Wala haifikirii jinsi chuma kinavyouzwa. Tuseme fremu inahitaji mabomba manne ya mita 3.2. Jumla ni mita 12.8, na kwa kuwa bomba dukani huwa na mita 6, mtu atasema matatu yanatosha. Hayatoshi. Kila bomba linatoa kipande kimoja tu na kubakiza mita 2.8 isiyofaa, kwa hiyo yatanunuliwa manne. Lakini mchoro ukipunguzwa hadi kidogo chini ya mita 3, mabomba mawili yanamaliza kazi. Fundi mwenye akili ataliona hilo mezani, kabla hajashika msumeno.

Lipo lalamiko la mafundi linalostahili kusikilizwa. Wanasema mteja akipewa orodha nzuri huibeba hadi kwa fundi wa pili anayetaja bei ya chini, na aliyekesha akichora anabaki mikono mitupu. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu wengi huficha hesabu zao. Mchoro na orodha yake vilipiwe kama kazi inayojitegemea, jinsi mtu anavyolipia ramani ya nyumba, kiasi kidogo kinachokatwa kwenye gharama ya ufundi iwapo kazi itabaki kwa fundi huyo huyo. Vikundi vya wakulima vinaweza kuchangia mchoro mmoja wa mashine wanayoitumia wote. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, pamoja na vyuo vya VETA, waanze kwa kuwaita mafundi wa Kisesa na kompyuta moja, wakachore mashine ile ile wanayoitengeneza kila mwaka.