MWALIKO SI VIZA



Katika tawi letu wamo watu wengi ambao Jumamosi jioni huweka spana chini na kushika gitaa. Wengine ni wapiga kodiani wa mwomboko, wengine huimba katika bendi za hoteli zilizo kando ya barabara kuu, na vijana nao wana muziki wao ambao sisi tuliopita miaka thelathini hatuuelewi vizuri, lakini watu huulipia. Barua zinazoletwa katika ofisi ya tawi zaonyesha ya kuwa baadhi yao sasa wanaitwa kupiga mbali, katika mikutano ya muziki ya nchi za nje. Kwa sababu hiyo safari hii maneno ya mhariri hayahusu nyongeza ya mshahara. Yahusu viza. Hata hivyo msomaji ataona ya kwamba mambo haya mawili ni majirani.

Mwaka jana kikundi cha watu wanne wa hapa Ruiru kilialikwa kupiga mwomboko katika mkutano mmoja huko Ulaya. Mwaliko ulikuwa wa kweli, si wa matapeli. Wote wanne waliomba viza siku moja, kwa barua ile ile, wakalipa ada ile ile. Wawili walipewa na wawili walikataliwa. Waliopewa ni mwimbaji, ambaye ni karani, na mpiga ngoma, ambaye ni mwalimu wa shule. Waliokataliwa ni mpiga kodiani na mpiga karing'aring'a. Hawa wawili ni vibarua wa kuchonga mawe, na wameingia lango lile lile la mwajiri mmoja kwa miaka sita bila kupewa karatasi hata moja. Karatasi ya kukataliwa ilisema ya kuwa kulikuwa na shaka kama wangerudi kwao. Basi safari ikafa, maana mwomboko bila kodiani ni watu wanaotembea tu. Ada haikurudishwa, kwa kuwa ada ya viza hairudishwi.

Ndugu, shida haikuwa katika kodiani. Afisa wa ubalozi hasikilizi muziki. Yeye hutazama karatasi: barua ya mwajiri isemayo ya kuwa mtu huyu ni wetu, amepewa likizo toka tarehe fulani hata tarehe fulani, naye atarudi kazini, hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya benki, na mambo ya nyumbani, kama hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, au hati ya shamba. Karatasi hizo ndizo ambazo kibarua hana. Ana mke na watoto, ana deni la karo, ana kila sababu ya kurudi, lakini hana pahali palipoandikwa hivyo.

Na hapa ndipo chama kina neno la kusema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, yasema ya kuwa kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 28 champa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi, baada ya kila miezi 12. Mtu wa miaka sita si kibarua mbele ya sheria, hata akiitwa kibarua kila asubuhi. Ana haki ya likizo, na likizo yapasa kuandikwa. Wale wachonga mawe wawili tuliwapeleka kwa chama cha kazi yao, nacho kimekwisha mwandikia mwajiri.

Wazee wetu watakumbuka hadithi za baba zao juu ya kipande, kile cheti kilichovaliwa shingoni tangu miaka ya 1919 na 1920, ambacho mwajiri alikitia sahihi na bila sahihi hiyo mtu hakwenda popote. Hatusemi viza ni kipande. Twasema tu ya kwamba ni ajabu kuona mtu huru, mwaka huu, akizuiliwa tena kwa sababu mwajiri hakutia sahihi.

Sasa tuseme juu ya mikutano yenyewe, kwa kuwa wengi hawajui tofauti yake na tamasha. Katika tamasha watu hununua tikiti waje kucheza. Katika mkutano wa muziki wanaokuja ni hasa wenye matamasha, wenye redio, wachapishaji wa nyimbo na mawakala. Mwanamuziki hupewa jukwaa kama nusu saa ili wamsikie, pengine wamwalike siku nyingine. Katika Afrika uko ule uitwao ACCES, ambao huhama mji hata mji: ulikuwa Dakar 2017, Nairobi 2018, Accra 2019, Dar es Salaam 2022, Kigali 2024. Huko Ulaya uko WOMEX, ulioanza Berlin mwaka 1994, nao pia huhama. Mara nyingi nusu saa hiyo haina malipo, na nauli ni juu ya mpigaji mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwalikaji ni hili: nani analipa nauli, chakula na kitanda? Na jibu litoke kwa maandishi. Ubalozi nao utauliza swali hilo hilo.

Mwaliko wenyewe usome hivi: majina ya watu wote kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, tarehe na mahali pa kupiga, kazi ya kila mmoja, kama kuna malipo au hakuna, na simu ya mtu anayeweza kujibu afisa akipiga. Barua isemayo tu "karibuni nyote" haifai kitu. Sisi wa reli twajua ya kwamba mtu aliyealikwa harusini Nairobi hapandi gari moshi kwa kuonyesha kadi ya harusi; hukata tikiti. Na hapa tikiti hukatwa mapema.

Kwa nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen, ombi laweza kupelekwa toka miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huja kwa siku 15, lakini lawezekana kufika siku 45. Ngoja hata mwezi wa mwisho, nawe utakuwa umekwisha kosa. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti yapasa iwe na nguvu miezi 3 baada ya siku ya kurudi, iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Tena lazima bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mtu akikataliwa, ana haki ya kuambiwa sababu na haki ya kukata rufani. Wengi huitupa ile karatasi kwa hasira, kumbe nyuma yake kuna muda wa rufani unaopita.

Uingereza ina njia yake. Msanii aliyealikwa aweza kuingia kwa viza ya mgeni na kufanya kazi ya malipo iliyopatanwa kabla hajaondoka kwao, mradi aifanye katika siku 30 za kwanza. Lakini lazima aseme hivyo katika ombi. Asijiite mtalii. Wala asidhani ya kuwa majina makubwa hayakataliwi: mwaka 1918 ungekuwa hadithi ya kale, lakini ilikuwa 2018 tu tamasha la WOMAD la Uingereza liliposema ya kuwa Wazimbo wa Msumbiji na baadhi ya watu wa Tal National wa Niger hawakufika kwa ajili ya taabu za viza.

Marekani ni ngumu kuliko zote, na wengi wa hapa ndiko wanakoitwa, kuwaimbia Wakenya wa huko. Kusimama mbele ya watu na kupiga muziki, kwa desturi, kwahitaji viza ya aina ya O au P, wala si ya utalii. Mwombaji wa kwanza si wewe, bali mwalikaji, ambaye hupeleka maombi kwa serikali yake huko huko. Ndipo nawe uende ubalozini Gigiri kuhojiwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 ada ya ombi la P ilipanda toka dola 460 hata dola 1,015 kwa mwalikaji wa kawaida, mbali na nyongeza nyingine. Mtu akikwambia "nitumie shilingi elfu thelathini nikutolee viza ya Marekani", pima maneno yake kwa hesabu hiyo.

Na wanachama wafurahie jambo moja. Ombi hilo la Marekani lapasa kuandamana na barua ya maoni kutoka chama cha wafanyakazi. Kwa wanamuziki, chama hicho mara nyingi ni American Federation of Musicians, kilichoanzishwa 1896. Yaani chama cha wafanyakazi huulizwa kabla mpiga gitaa wa nje hajaingia. Nguvu hiyo haikuanza jana. Toka 1935 serikali ya Uingereza, kwa kusukumwa na chama cha wanamuziki wa huko, ilizinyima ruhusa bendi za Marekani. Mwaka 1956 ndipo vyama vya pande mbili vilipoafikiana kubadilishana bendi kwa bendi, Stan Kenton akaenda Uingereza na Ted Heath akaenda Marekani. Mwaweza kusema kuwa ulikuwa uchoyo, na pengine ulikuwa. Lakini mwaona ya kuwa mahali hapo mpiga muziki alihesabiwa mfanyakazi, na kazi yake ikajadiliwa mezani kama kazi ya dereva au fundi. Hapa kwetu bado mpiga kodiani hulipwa soda na nauli.

Karibu na nyumbani mambo ni mepesi, ila yana mtego. Kwenda Uganda na Rwanda, kitambulisho chatosha tangu 2014. Tanzania Mkenya haombi viza. Afrika Kusini tangu Januari 2023 Mkenya huingia bila viza kwa siku 90 katika mwaka. Lakini kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Tanzania bara, kwa mfano, msanii wa nje huhitaji kibali cha BASATA, na anayeshughulikia kibali ni mwalikaji. Dai nakala yake kabla basi halijaondoka. Cheti cha homa ya manjano chukua siku 10 kabla ya safari au zaidi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo asikuuzie mtu kingine kwa kusema cha zamani kimekwisha.

Pasipoti ya kurasa 34 ilipandishwa mwaka 2024 kuwa shilingi 7,500. Anayetaka kupiga nje aanze kuiwekea akiba leo, asingoje mwaliko. Na akiisha kuipata, asimpe dalali aishike kama rehani. Kitabu hicho ni mali ya Serikali ya Kenya, umekabidhiwa wewe. Kuna madalali wanaoomba kikundi kiongezewe "mcheza ngoma" mmoja au wawili ambao hawajui hata kupiga makofi kwa mwendo. Mkikubali, mtu huyo akifika huko hutoweka, na kikundi kijacho cha Thika chalipa deni lake. Uingereza humfungia mlango miaka 10 mtu aliyetumia udanganyifu katika ombi.

Neno moja juu ya vyombo. Orutu iliyowambwa ngozi ya kenge, au chombo chenye pembe ya ndovu, kisisafiri bila kuuliza kwanza ofisi ya KWS, kwa sababu wanyama hao wamo katika mapatano ya dunia ya CITES. Ngozi ya mbuzi nayo ina taabu yake katika nchi kama Australia. Kodiani na gitaa ziandikwe namba zake na kuonyeshwa forodha kabla ya kuondoka, usije ukatozwa ushuru wa mali yako mwenyewe siku ya kurudi. Na kama kuna malipo, uliza ni kabla ya kodi au baada ya kodi. Ujerumani hukata msanii wa nje asilimia 15 na nyongeza juu yake.

Kamati itaombwa mambo mawili katika mkutano wa tawi ujao. Kwanza, katibu awaandikie waajiri wa wanachama wenye mialiko kudai barua ya likizo, miezi minne kabla ya safari, si wiki mbili. Pili, mfuko wa mikopo wa tawi utoe mkopo wa ada ya viza na bima, ulipwe kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo. Watakuwapo watakaosema ya kuwa fedha za chama si za ngoma. Waje waseme mbele ya mkutano, nao wenye kodiani wajibu.

Wenye mialiko walete karatasi zao ofisini Jumamosi baada ya siku ya mshahara, saa nne asubuhi. Leteni asili na nakala mbili za kila karatasi. Mashine ya ofisi ni ya kurudufu gazeti hili tu, na wino wake umekaribia kwisha.