Ukifika Karema, fungua mizigo

JICHO LA ZIWA
Na Deogratias Kasomfi

Wapo watumishi wanaopangiwa kazi Katavi ambao huandika barua ya kuomba uhamisho hata kabla ya kufungua mabegi. Mwalimu au mganga akitajiwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, nduguze humpa pole. Nawaomba wote hao wasikie habari za Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa na kuvushwa Sahara, mpaka Wamisionari wa Afrika wakamkomboa huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akaingia Karema na msafara uliotoka pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.

Msafara wa siku zile ulikuwa shule. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe na farasi, hivyo mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila mbili hivi, kilo 30 na ushee. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia. Njiani watemi walilipwa hongo, yaani ushuru wa kupita, chakula kilinunuliwa kijiji hadi kijiji, wagonjwa walisubiriwa. Aliyetembea miezi kwa namna hiyo alifika akiwajua watu wa nchi na shida zao.

Hata hivyo, safari ndefu peke yake haijengi kitu. Miaka 10 kabla ya Atiman, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne wa India walioteremshwa Dar es Salaam wakiongozwa na Frederick Carter, ili ijulikane kama wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, naye akafia hapo. Carter aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 akirudi pwani. Gharama yote ile haikumponya mgonjwa hata mmoja.

Atiman alikaa. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Akatibu watu wa Karema mpaka alipofariki hapo hapo mwaka 1956, miaka 67 tangu afike. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Atiman, wenyeji walipona kweli.

Leo Karema ina bandari mpya iliyojengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, ikitazamana na Kongo. Naifurahia. Lakini gati halizalishi mama mjamzito, wala halifundishi mtoto hesabu. Kazi hizo zinataka mtu anayejua njia ya kwenda kwa mgonjwa usiku, na anayemkumbuka mtoto tangu darasa la kwanza. Ujuzi huo haupatikani kwa mtu anayehesabu siku za kuondoka.

Simdai mtumishi peke yake. Atiman alifika akiwa na wenzake, akapokewa. Halmashauri nayo impokee mgeni wake kwa nyumba yenye maji na umeme, imlipe fedha za kujikimu kwa wakati, na barabara ya Mpanda ipitike masika. Wenyeji wamkaribishe, wamwonyeshe shamba. Baada ya hapo, ndugu mwalimu na ndugu mganga, tupeni miaka yenu. Karema haihitaji wapita njia zaidi. Imewaona wengi mno.